Vichupa Tisa Chini ya Kwapa

Kwa nini mtu mwenye dawa ndani ya friji amnyime mgonjwa anayelia mbele yake? Niliishi na swali hilo miezi saba, kisiwani Nzwani, Komoro, goti la kushoto limevimba kama papai. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na digrii ya biolojia niliyoisomea Dar es Salaam, na niliamini kwamba hakuna swali lisilojibika iwapo muulizaji hachoki. Hilo moja lilinishinda.

Naandika sasa kwa sababu natembea. Sikimbii, na ngazi bado nazihesabu kwa macho kabla sijazipanda, lakini natembea. Kama wewe ni kijana na umeambiwa una ugonjwa wa wazee, huenda humu ukapata cha kukufaa. Mambo ya kitabibu sitayaeleza sana. Ndani ya goti mna gegedu, kitu laini kinachozuia mfupa usisage mfupa, na langu lilikuwa limelika. Nilipokuwa sekondari nilianguka kwenye mawe meusi ya volkano kwetu Itsandra, kisiwani Ngazija, nikapona kwa juu, nikasahau. Miaka kumi baadaye goti likaanza kujaa maji.

Benchi langu la kwanza la hospitali lilikuwa Moroni, mwisho wa mvua. Wote waliokaa pale walikuwa na mvi. Bibi mmoja aliyeshika chupa ya chai aliniuliza nimemleta nani. Nikamjibu nimejileta mwenyewe. Akanitazama goti, akasogea kunipa nafasi ya kunyoosha mguu, akanimiminia chai kwenye kifuniko. Nimekaa kwenye mabenchi mengi tangu siku ile, na mara nyingi tiba ya kwanza niliyoipata ni mtu kusogea.

Daktari alichoma sindano kubwa pembeni mwa goti akavuta ute wa rangi ya samli iliyoyeyuka. Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Mama alikuwa na swali moja tu: mguu huu utakunjika? Kwetu Ngazija nyumba ni ya binti, na mama alikuwa amenijengea yangu ubavuni mwa yake, tofali juu ya tofali, tangu nikiwa mtoto. Mchumba wangu angerudi kutoka Marseille msimu wa harusi unaofuata, na harusi ingekuwa ile kubwa ya mila ya kwetu. Bibi arusi hukaa chini kwenye mkeka siku kadhaa, wanawake wa mji wakija kumtazama. Mimi nilikuwa siwezi kukaa chini hata kwa muda wa kula. Sala nilikuwa naisali kwenye kigoda. Daktari alisema nimeze vidonge.

Baba yangu, marehemu, alikuwa mtu wa Mutsamudu, mji mkuu wa Nzwani. Dada yake, shangazi Zalihata, alileta habari kwamba katika hospitali ya Hombo, huko huko, kuna mtu wa maabara anayejaribu jeli ya kutuliza magoti yaliyovimba. Mama hakutaka niende. Alisema Nzwani inachemka, bendera za ajabu zinapandishwa, na watu wa huko wanatukana watu wa huku. Nikamwambia nusu yangu ni ya huko. Akasema nusu hiyo ndiyo inayokuuma goti. Tuliagana bila kukumbatiana. Nilisema nakwenda wiki mbili, na ilikuwa msimu wa karafuu, barabara zote za Nzwani zimetandikwa majamvi ya karafuu zinazokauka.

Kabla wiki mbili hazijaisha kisiwa kikatangaza kwamba si sehemu ya nchi tena. Vyombo vya baharini vikasimama, simu zikakatwa. Mama akabaki upande mmoja wa bahari, mimi upande wa pili.

Mtu wa maabara aliitwa Fundi Madi. Alizaliwa Majunga, Madagaska, akaletwa Komoro akiwa kijana pamoja na wale waliorudishwa baada ya mauaji ya Wakomoro kule. Alikuwa mrefu, mkimya, na hakai. Sikuwahi kumwona ameketi mkekani na wenzake wakati wa chakula. Alikula amesimama, sahani mkononi, mgongo ukutani, na mimi nilidhani ni maringo ya wasomi.

Siku ya kwanza alivuta ute wa goti langu, akaushusha tone kwa tone kutoka kwenye sindano. Tone likavuta uzi, uzi ukakatika upesi.

"Uzi wako ni mfupi," alisema. "Wa goti zima unafika urefu wa kidole cha kati."

Akanieleza kazi yake. Jeli ilitumwa na mwalimu wake wa ng'ambo, imetengenezwa kwa magamba ya wanyama wa baharini. Kabla ya kuigusa, Fundi Madi alikuwa amengoja mwezi mzima ajibiwe barua moja: ni magamba ya kamba au ya kaa? Sisi, kwa dini yetu, kaa hatumli. Shangazi aliposikia hayo alicheka mpaka akashika mbavu, akauliza tangu lini goti likawa na mdomo. Fundi Madi hakucheka. Alisema mgonjwa ana haki ya kujua kinachoingia mwilini mwake. Jibu lilikuja: kamba. Ndipo akaanza.

Jaribio lenyewe halikuwa ndani ya mtu. Alitia ute wa mgonjwa katika vichupa viwili vyembamba, kimoja kina jeli, kimoja hakina, akaviweka kwenye kabati la joto la nyuzi thelathini na saba, joto la mwili. Kila baada ya muda alitoa tone, akapima uzi, akahesabu chembe za uvimbe kwa hadubini.

"Lakini jeli yenyewe ni nzito," nilimwambia. "Uzi lazima urefuke. Hilo halithibitishi kitu."

Alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu, si kama goti. Akafungua kabati akanionyesha kichupa kingine, peke yake mwisho wa safu: jeli ndani ya maji ya chumvi, bila ute wa mtu yeyote. Kile kilikuwa cha kulinganishia. "Kesho njoo mapema," alisema. "Na ulete swali jingine."

Nilikwenda kesho, na kesho yake. Jioni shangazi alinikanda goti kwa maji ya chumvi ya moto, akilisema kama mtu anavyomsema mtoto mtundu. Mguu wa kushoto ulianza kukonda juu ya goti, paja likawa kama la mtu mwingine. Nilijifunza kushuka taksi kwa kutanguliza fimbo. Wiki mapigano yalipozuka mjini tulikuta benchi letu limechukuliwa na majeruhi. Sisi wa magoti tulitazamana, tukainuka, tukaenda zetu bila kuambiwa.

Baada ya kutolewa maji mara ya nne sikulala kwa maumivu. Asubuhi nilimkuta Fundi Madi kwenye hadubini.

"Fundi, nichome hiyo jeli."

Hakuinua kichwa. "Hapana."

"Kwa nini?"

"Sijui itafanya nini."

"Si ndiyo unaijaribu?"

"Ndiyo maana."

Nilimwambia nitaandika karatasi, nitatia sahihi, shangazi atakuwa shahidi. Nilimwambia chupa nimeziona kwenye friji, na kwamba nchi imekatika vipande viwili, hakuna meli, hakuna tabibu mwingine, na mama yangu ananingoja na mkeka.

"Goti ni langu," nilisema.

"Goti ni lako," alisema. "Sindano ni yangu."

Nililia. Alinisogezea kigoda kwa mguu wake, kisha akaendelea kuhesabu chembe kwa sauti ya chini, kwa Kimalagasi, lugha aliyofundishiwa hesabu. Nilimchukia kwa dhati. Nilisema ana moyo wa chuma, nikasema mtu asiyeumwa ndiye anayeweza kungoja. Aliandika hesabu yake daftarini, akafunika kalamu.

Kulikuwa na wagonjwa wanne kwenye daftari, kila mmoja kwa namba. Mimi nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mama mchuma karafuu, wa tatu mpakuzi wa bandarini. Siku moja, nikiwa bado nimenuna, nilimuuliza wa nne ni nani.

"Mtu mmoja wa hapa hospitali."

"Naye anaomba achomwe?"

"Kila asubuhi," alisema. "Namjibu ninavyokujibu wewe."

Ramadhani iliingia na mafuta yakaisha. Jenereta ya hospitali iliwashwa kwa ajili ya upasuaji tu. Kabati la joto likapoa. Bila joto, ute unakufa na jaribio linakufa, na jeli iliyobaki ilitosha mara moja au mbili. Fundi Madi alifikiri siku nzima, kisha akaja nyumbani kwetu kumwomba shangazi amshonee mkanda wa vifuko. Kabati lisilohitaji mafuta alikuwa nalo, alisema: mwili wa mtu.

Shangazi alishona kwa kipande cha shiromani kuukuu, nguo ya kujitanda ya wanawake wa Nzwani, vifuko tisa vyembamba, vinane vya wagonjwa na kimoja cha maji ya chumvi. Alisema ameshona mikoba ya dhahabu ya maharusi, sasa ameshuka daraja anashona mkoba wa usaha. Fundi Madi aliufunga kiunoni, chini ya shati, pale ambapo wanaume wa kwetu wote hufunga kitu cha thamani. Vipimo alivipanga kwa sala tano, kwa kuwa adhana haikuhitaji umeme. Hadubini yake ilikuwa na kioo chini, aliigeuza kwenye dirisha, jua likawa taa. Vipimo vya alfajiri na isha alivifanya kwa mshumaa.

Nilimwambia sala hazilingani, kati ya isha na alfajiri pana pengo kubwa. Akasema kweli, akaongeza kipimo cha katikati, akaahidi kuamka kabla ya daku. Siku ya pili nikapata swali jingine.

"Umepima joto ndani ya mkanda?"

"Mwili wa mtu ni thelathini na saba."

"Mwili, fundi. Si kiuno."

Akachomeka kipimajoto kwenye kifuko. Tulingoja. Thelathini na tatu. Akavimwaga vichupa vyote, kimoja kimoja, akaandika daftarini kwamba siku mbili zimeharibika na kosa ni lake. Nimefanya kazi na wasomi wengi tangu hapo. Sijamwona mwingine aliyeandika sentensi hiyo bila kuongeza nyingine ya kujitetea.

"Tunahitaji ute mpya," alisema. "Goti lako litakubali?"

Hiyo ikawa mara ya tano. Shangazi alisema ulimi wangu umelichongea goti langu. Akafumua mkanda, akaushona upya kwa mtindo wa kamba za hirizi, wa kufungwa juu ya mkono vichupa vikae chini ya kwapa. Kwapani kipimajoto kilisoma thelathini na sita na nusu, kikatulia hapo. Lakini vichupa tisa vilikuwa vingi kwa mtu mmoja, na Fundi Madi hakulala vizuri siku zile. Nikasema nibebe mimi vinne. Kwa nini nilijitolea kumsaidia mtu niliyemchukia, hilo nalo sikujiuliza kwa wakati wake. Nadhani nilitaka kumkamata akikosea.

Mtu aliyebeba ute wa magoti kwapani hutembea kwa heshima. Huinui mkono, hugeuki hovyo, hukasiriki ukatokwa jasho. Niligundua kwamba maumivu hupungua kidogo mtu akiwa na kitu cha kulinda. Fundi Madi alishuka ngazi za hospitali kwa upande, hatua moja moja, mkono kwenye ukuta, nami nikamuiga, nikijua analinda vichupa.

Siku ya tatu ya mkanda mpya, katika njia ya kurudi kwa shangazi, mwanamume mwenye bunduki alinisimamisha. Waliweka vizuizi kila mahali siku zile.

"Una nini kwapani?"

Mimi, niliyekuwa nimewacheka wanawake wa ukoo wangu wote kwa hirizi zao, nilijibu bila kusita. "Hirizi."

"Ya nini?"

"Ya goti."

Akatazama fimbo, akatazama goti. Akashusha sauti. "Kakutengenezea nani? Mama yangu naye hawezi kuinuka."

Nilimtajia Fundi Madi. Kesho yake asubuhi mama wa mwenye bunduki alikuwa kwenye benchi letu, ameshikwa huku na huku, anaomba hirizi kama ya yule binti. Fundi Madi alimfundisha kuinua mguu akiwa amelala, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, paja lipate nguvu ya kulisaidia goti. Mama yule alimuuliza asome nini akiinua. Akamwambia asome anachokijua. Zoezi lile lile alikuwa amenipa mimi miezi mitatu nyuma, nami nikalidharau kwa kuwa halikuwa na sindano. Siku ile nilianza kulifanya.

Siku ya tatu hiyo hiyo, kabla sijasimamishwa njiani, matokeo yalikuwa ya kufurahisha. Katika vichupa vyote vinne vyenye jeli chembe za uvimbe zilikuwa zimepungua. Nilihesabu mwenyewe, mara mbili. Maagizo kutoka ng'ambo yalisema jaribio linaishia hapo, siku ya tatu, na matokeo yatumwe.

"Sasa je?" nilimuuliza. "Sasa utanichoma?"

Alikuwa amesimama dirishani, mkono wa kushoto umebana vichupa. Mara ile moja tu niliona anataka kusema ndiyo.

"Meli hakuna," alisema mwisho. "Barua haiondoki. Basi tuendelee kubeba mpaka iondoke."

Siku ya nne hakuna kilichobadilika. Siku ya tano, kipimo cha adhuhuri, kichupa cha namba nne chenye jeli kilikuwa kimechafuka kama maji ya mchele. Nikasema vijidudu vimeingia. Akapaka tone kwenye kioo, akalitia rangi, tukatafuta kijidudu saa nzima, hatukukiona. Alfajiri ya siku ya sita kilichafuka changu. Kisha cha kwanza, kisha cha tatu. Vile visivyo na jeli vilikuwa safi kama siku ya kwanza. Jeli ilikuwa inatuliza siku tatu, halafu inaoza kuwa kitu kikali kinachoua chembe zilizo karibu nayo.

Nilikiinua kichupa changu kwenye mwanga. Lile lilikuwa goti langu, siku ya sita baada ya sindano niliyoililia. Nilingoja aniambie, "Si nilikuambia?" Alichukua daftari, akanipa mimi kalamu.

"Andika wewe," alisema. "Mwandiko wako unasomeka."

Vyombo viliporuhusiwa tena kuvuka, mvua za mwisho zilikuwa zinaisha, na ilikuwa mwezi wa pili sijatolewa maji. Paja lilikuwa limerudi. Nilibeba nakala ya kurasa zetu nikaitia posta Moroni siku hiyo hiyo, kabla ya kwenda nyumbani. Mama alinipokea kwenye bandari ya zamani. Alinitazama nikipanda ngazi, mguu mmoja, kisha mwingine, wala hakusema lolote kuhusu nusu ya huku na nusu ya kule. Itsandra, katika nyumba yangu, alinifungulia chumba cha harusi. Mkeka ulikuwepo, mzuri. Juu ya mkeka kulikuwa na kiti, kimechongwa, kina mto mwekundu.

"Watasema," nilimwambia.

"Waseme wamesimama," alisema mama. "Wewe utakuwa umekaa."

Walisema, na sana. Nilikaa siku zote.

Barua ya ng'ambo ilifika mwaka uliofuata. Walirudia jaribio kwa siku saba, wakaona tulichokiona, wakaiacha jeli ile na kuanza nyingine. Kama hiyo nyingine ilifika kwa mgonjwa yeyote, sijui. Asubuhi naingia baharini Itsandra hadi kifuani natembea ndani ya maji, na jioni nainua mguu mara kumi. Huo ndio ushauri wangu wa goti. Mwingine ni huu: mtu akikataa kukupa usichokijua, muulize tena, lakini kaa karibu naye umwone anavyofanya kazi.

Fundi Madi alifariki mwaka juzi. Nilivuka kwenda Mutsamudu kuhani. Binti yake alinipa daftari, akasema mwandiko wangu umo nusu nzima, afadhali nikae nalo mimi. Nilikuwa nimeandika ndani yake wiki nyingi, lakini ukurasa wa kwanza sikuwahi kuuona. Alikuwa ameukunja na kuubandika kwa plasta ya jeraha, na plasta sasa ilikuwa imekauka ikaachia. Ni orodha ya majina manne mbele ya namba nne. Mbele ya namba mbili kuna jina langu. Mbele ya namba nne ameandika jina lake mwenyewe, na pembeni: goti la kulia, mwaka wa tisa wa maumivu.